Mwoga Usimzibie Njia

Lethbridge, Alberta
9 Oktoba 2017

Kaka Selwyn,

Upepo wa huku haujambo. Mimi ndiye ninayehangaika nao: juzi umeng'oa uzio wa jirani ukanitupia uani, na jana umeurudisha. Goti lako je, bado linalia ukipanda ngazi? Paa umeliziba kabla ya theluji, au unangoja lidondokee kitandani ndiyo ujue?

Leo Sikukuu ya Shukrani nimeoka kuku, maana bata mzinga mzima kwa mtu mmoja ni kichekesho. Ila sikula peke yangu. Nina mgeni, amekula chini ya meza, mgongo ukutani, macho kwangu. Kile kituo cha kuokoa mbwa ninachojitolea kimeniletea jike mmoja ambaye kila mtu amemkataa. Walimkuta amefungwa waya chini ya nyumba ya magurudumu iliyohamwa. Rangi yake kahawia, upande mmoja umeungua kidogo, basi nimemwita Touton, kama ule mkate wa kukaanga wa mama uliokuwa unaungua upande mmoja kila Jumamosi.

Anaogopa kofia. Anaogopa funguo zikilia, mwavuli, na mwanamume akikohoa. Tukitoka, akiona mtu hata ng'ambo ya barabara, anaruka mwisho wa kamba anabweka kama anataka kumla. Watu wanasema mkali. Mkali wapi! Ni hofu tupu. Anabweka ili usimkaribie, basi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huko kwetu hakuna nyoka, najua, lakini umenielewa.

Kazi yangu ni kumzoesha dunia kidogo kidogo, kisha nimtafutie kwake. Si nyumba yoyote. Iwe tulivu, ya watu wenye subira. Sijui kama ipo.

Kula vizuri. Usiishi kwa chai.

Effie

&nbsp;

Sculpin Cove, Newfoundland
2 Novemba 2017

Effie mdogo wangu,

Mimi mzima, goti linalia lakini nimeshalizoea, tunazungumza. Paa nimeziba. Sijui uliambiwa na nani kwamba nimekuwa mzembe tangu Bride afariki. Mke wangu alikuwa ananisukuma, kweli, lakini hata mkokoteni uliosukumwa miaka mingi hujiendea kidogo wenyewe.

Gari la kusukuma theluji nililokuwa naendesha wamempa kijana mwingine. Nasimama dirishani namtazama anavyokwangua barabara vibaya. Amegonga sanduku la barua la kanisa! Nimebaki kusema na birika la chai. Halijibu, lakini angalau linapiga mluzi.

Nimekupigia Jumapili tatu. Ile mashine yako ya kupokea ujumbe ndiyo inayonipokea kila mara. Unasema upepo unaharibu simu. Upepo gani huo, Effie, unaoharibu simu na kuziacha barua?

Haya, neno lenyewe hili hapa. Huyo Touton nipe mimi. Nyumba tulivu ninayo, utulivu wenyewe umezidi mpaka unaniumiza masikio. Barabarani hapiti mtu ila kondoo wa akina Vokey. Kofia nitaning'iniza bandani. Nafasi ipo, muda upo, nyama ya paa mkubwa imejaa kwenye friza. Nifikirie.

Selwyn

&nbsp;

Lethbridge
28 Novemba 2017

Kaka,

Barua yako imefika na harufu ya moshi wa jiko lako, nikaiweka juu ya friji siku nzima. Baridi huku imeshaanza. Gari langu haliwaki mpaka nilibembeleze. Kanisani tumeuza keki. Yangu ilinunuliwa na mimi mwenyewe.

Habari njema: Touton amepata watu! Wanaitwa akina Haugen, mume na mke, wana nyumba nje ya mji na uwanja wenye uzio. Walikuja mara kadhaa. Niliwafundisha kama ninavyowafundisha wote: usimtazame machoni, kaa upande, tupa kipande cha maini kisha geuza uso kana kwamba hukukitupa wewe. Na kubwa kuliko yote, mwoga usimzibie njia. Mlango mmoja uachwe wazi daima, aone pa kukimbilia. Akiwa na pa kukimbilia, hakimbii.

Waliitikia sana. Nimempeleka jana. Nyumba imekuwa kimya, nazungukazunguka, nimefua mapazia yaliyokuwa safi.

Kuhusu wewe kumchukua: ni mbali mno, kaka. Nchi nzima iko katikati, na kivuko juu yake. Tuyaache hayo.

Effie

&nbsp;

Sculpin Cove
18 Desemba 2017

Effie,

Heri ya Krismasi. Nimekutumia jamu ya matunda ya kilimani. Chupa nimeifunga ndani ya glovu yangu ya sufu isivunjike. Glovu ni kuukuu, usirudishe. Ile ya pili iliangukia baharini.

"Mbali mno." Haya. Samaki wa hapa wanafika mpaka Japani, lakini mbwa hawezi kufika hapa. Sijasema kitu.

Nimefurahi amepata watu. Nimefurahi kweli, usidhani nimenuna. Nimenuna kidogo.

Nitakupigia siku ya sikukuu. Nitaongea na mashine, tumeshakuwa marafiki.

Selwyn

&nbsp;

Lethbridge
15 Januari 2018

Kaka Selwyn,

Jamu tamu, nimeimaliza kwa kijiko bila mkate. Afya yangu iko sawa, usingizi ndio umenikimbia. Nina hasira, utaona mwandiko.

Wamemrudisha. Unajua walifanya nini? Walimfanyia sherehe ya kumkaribisha! Maputo, kaka. Keki yenye umbo la mfupa. Waliwaita majirani na watoto wao, kila mmoja kavaa kofia ya karatasi, na kofia yenye mpira wa shingo wakataka kumvisha na mbwa. Nilisema polepole, wao wakasikia sherehe. Na mlango wakaufunga ili "asikose sherehe". Puto likapasuka. Touton akatafuta pa kutokea, hakuna. Mtu mmoja akamwinamia, naye akampasua mkono wa sweta kwa meno. Ngozi haikuguswa. Lakini kituo kimeandika kwamba ameuma.

Sasa wameniambia wazi: nyumba moja tu imebaki. Akirudishwa tena, watampumzisha. Ndivyo wanavyosema, kumpumzisha, kana kwamba mnyama amechoka. Wamenipa mpaka theluji iyeyuke.

Nimepokea waombaji wengine. Mmoja amekuja na kofia kubwa ya wafuga ng'ombe, nikamwomba aivue, akaniambia hajaivua tangu arusi yake. Mwingine, mwalimu mstaafu, mpole, nyumba nzuri, nikaanza kushukuru Mungu, kumbe ana kasuku anayekohoa kama marehemu mumewe. Sitaki kukosea, Selwyn. Nikikosea mimi, anakufa yeye.

Wewe usiniulize tena. Siku ya Krismasi ulipopiga nilisahau kupunguza sauti ya ile mashine, na maneno yako yakatoka jikoni kwa nguvu: "Effie! Uko wapi?" Touton akakimbilia nyuma ya mashine ya kufulia. Alikaa huko mpaka jioni. Sauti yako inamtisha, basi. Usione vibaya.

Effie

&nbsp;

Sculpin Cove
9 Februari 2018

Effie,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Sina habari za kukupa. Theluji ipo. Mimi nipo.

Nimeona vibaya. Sauti yangu ina nini? Mimi nimeendesha lile gari maisha yangu yote, ukitaka kusikika humo lazima upaze. Sijampiga mtu. Sijampiga mbwa. Kondoo wa akina Vokey wananijia wenyewe. Bride aliishi na sauti hii mpaka mwisho, tena alisema inamliwaza.

Halafu umeandika "nilisahau kupunguza sauti". Kumbe huwa unaipunguza. Huwa unasikia inalia, unajua ni mimi, unazima.

Siku tulipomzika Bride ulisafiri nchi nzima kuja, nikashukuru sana. Lakini niliposimama mbele kuwashukuru watu, uliinuka ukatoka nje. Nilidhani ni kilio kimekushika. Baadaye ukanikumbatia vizuri, ukanipikia, ila kila nikifungua mdomo ulikuwa na la kufanya chumba kingine. Nilikaa nalo moyoni. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nimechoka kuungoja huo mshindo. Habari ya mbwa iache. Niambie mimi nimekukosea nini. Liandike jinsi lilivyo, usilipake sukari.

Selwyn

&nbsp;

Lethbridge
4 Machi 2018

Kaka yangu,

Nimechana barua nyingi kabla ya hii.

Hujanikosea kitu. Sikiliza mpaka mwisho.

Unakumbuka kile kijistoo cha viazi chini ya ngazi, humo humo unamoishi. Baba akiingia na ile sauti yake, wewe ulikuwa unanivuta humo, unaziba mdomo wangu kwa kiganja chako, na kiganja chako kilikuwa kinatetemeka kuliko mimi. Wewe ndiye uliyenilinda. Nilikuwa najua nikiwa na wewe humo, sitapatikana.

Halafu sauti yako ilipovunjika ukawa kijana, siku moja niko juu nachana nywele, nikasikia kutoka chini: "Effie! Uko wapi?" Nikaingia chini ya kitanda. Kumbe ni wewe, umeniita kwenye chakula. Ni sauti yake, Selwyn. Si kufanana. Ni ileile, na kile kikohozi kabla ya neno la kwanza. Baba amekufa zamani, lakini kila ukifungua mdomo anaingia mlangoni. Moyo wako si wake, naujua moyo wako. Masikio yangu ndiyo hayajui.

Ndiyo maana niko Alberta. Watu huuliza, nasema kazi. Ndiyo maana nakuandikia barua, mtu wa zama hizi, majirani wananicheka kwa stempu zangu.

Na siku ile ya Krismasi sikukwambia yote. Touton alipokimbilia nyuma ya mashine ya kufulia, hakupata nafasi. Mimi nilikuwa nimeshafika. Mwanamke mzima, mvi kichwani, nimejikunja hapo na unga mikononi, naye akajipenyeza kando yangu. Tulikaa wawili hivyo mpaka jioni.

Sasa nitakupaje mbwa huyu? Lakini kuna jambo jingine nimekuficha, na hili nalo ulichukulie unavyotaka. Ile glovu yako ameiiba. Analala nayo chini ya kidevu.

Nisamehe, kaka.

Effie

&nbsp;

Sculpin Cove
15 Aprili 2018

Effie,

Nakuja na pikapu. Usimpe mtu mbwa kabla sijafika. Sitasema neno. Nimeshanunua kibao cha chaki.

S.

&nbsp;

Lethbridge
27 Mei 2018

Kaka Selwyn,

Natumaini mmefika, wewe na bibi yako wa miguu minne, na kwamba kivukoni hakumtapikia mtu mwingine ila wewe.

Jirani ananiuliza mpaka leo, "Yule kaka yako bubu amekwenda?" Nimemjibu ndiyo, amekwenda, maskini. Ulivyokuwa unakaa pale kwenye ngazi ya nje, mgongo kwetu, unatupa maini juu ya bega kama mtu anayepanda mbegu asizozijali! Upepo unakupiga, kofia huna, nywele zimesimama, hugeuki. Mimi niko dirishani nakula kucha. Touton anasogea, anarudi. Anasogea, anarudi. Uliandika kwenye kibao, "Huyu ananifahamu?" Nikakuandikia, "Anaijua glovu." Tungeweza kuzungumza kwa sauti ya chini, sisi wawili wazee, lakini hapana, tunapokezana chaki.

Halafu ile asubuhi akauegemea mgongo wako. Akaegemea kabisa, uzito wote. Nikaona mabega yako yanatikisika, nikajua unalia, na hata kulia umelia bila sauti ili usitushtue. Sijawahi kukupenda kama siku hiyo.

Kituo kimenipigia kuuliza kama nina hakika. Nimesema nina hakika. Sina, kaka. Silali. Ulikuwa kimya huku, na mtu hawezi kuwa kimya maisha yake yote. Siku utakapokohoa itakuwaje? Ndiyo nyumba yake ya mwisho hiyo. Akirudi huku, anarudi kufa.

Ulipokuwa unawasha gari nilitaka kukwambia, "Haya, sema. Sema kwaheri tu." Nikashindwa. Ukapunga mkono, ukaenda. Nimebaki na kibao chako. Sijakifuta.

Niandikie upesi.

Effie

&nbsp;

Sculpin Cove
1 Julai 2018

Effie mdogo wangu,

Mabonge ya barafu yanapita mbele ya ghuba, watalii wanapiga picha, akina Vokey wanawauzia chai ghali. Mimi na bibi yangu hatujambo. Pole kwa kuchelewa, sikutaka kukuandikia mpaka niwe na la kweli.

Siku za mwanzo nilinyamaza. Kisha nikakumbuka ulivyosema kwenye barua zako: kidogo kidogo, toka mbali, na maini. Basi nikamwacha kibarazani, mlango wazi nyuma yake, nikaenda bandani mwisho wa kiwanja. Nikafungua gazeti nikasoma bei ya kamba wa baharini kwa sauti. Nilikuwa nimempa yule kijana wa theluji kazi ya kutupa maini kibarazani kila nikisema, na kuacha kila nikinyamaza. Angalau hilo analiweza. Mwanzo Touton aliingia ndani mbio. Nikarudi nyuma, mpaka ufukweni. Hapo akakaa. Kila siku nikasogea kidogo. Akikimbia, kosa si lake, ni mimi nimekaribia mno.

Sasa ninasoma nikiwa mezani naye yuko miguuni. Juzi nimekohoa, nikajishika mdomo. Akanyanyua kichwa akatazama mkono wangu: maini yako wapi? Na jana ndege wa baharini ameniibia samaki, nikasahau kila kitu, nikapiga ukelele ambao nadhani umeusikia huko. Effie, alinijia mbio mdomo wazi! Nilikaa chini palepale nikamkumbatia, akaniruhusu.

Hatarudi huko. Hilo lala nalo.

La pili. Barua yako ilipoiita sauti yangu "sauti yake", niliogopa kusema hata na birika. Nilikuwa nikiisikia, na mimi nashtuka. Hukuwa peke yako miaka yote hiyo. Ni mimi tu sikuwa na pa kuikimbia, nilikuwa naibeba kooni. Sasa mnyama mmoja anaisikia anatikisa mkia, na mimi imeanza kunifaa.

La tatu. Unajua amechagua kulala wapi? Nyumba nzima nimemwonyesha. Amekwenda moja kwa moja kwenye kijistoo cha viazi chini ya ngazi, na glovu yake. Kisha nikachukua bisibisi nikaung'oa ule mlango, nikaupasua kuni. Hakuna atakayefungiwa humo tena.

Selwyn

&nbsp;

Lethbridge
17 Julai 2018

Kaka yangu,

Leo upepo umetulia, sijui umepatwa na nini. Barua yako nimeisomea kwenye ngazi ya nje, pale ulipokuwa unakaa. Nimelia, nimecheka, jirani amedhani na mimi nimekuwa bubu maana aliponiuliza nimeshindwa kujibu.

Nina ombi. Nipigie Jumapili baada ya kanisa. Simu iweke kibarazani, wewe nenda bandani, uanzie huko. Usiniite jina, na usiulize niko wapi. Soma bei ya kamba. Mimi nitakuwa nimepakata boksi la chokoleti, ukisema nakula, ukinyamaza naacha. Nikikata simu usinune. Ni kwamba umekaribia mno. Jumapili inayofuata rudi mpaka ufukweni, tuanze upya. Touton akae karibu na simu, nimsikie anapumua.

Mlango wa chumba cha kufulia nitauacha wazi, kama ninavyowafundisha wote. Lakini nitakaa jikoni, kaka. Nitapokea.

Effie